Uchambuzi wa kisa: risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) kwenye sosi ya chupa, na ripoti yetu ya kwanza iliyosema "hamna shida"

Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, bidhaa nimeibadilisha kidogo, na namba za maabara nimezizungusha ili mtu aweze kufuata hesabu bila kalkuleta. Namba za mashirika ya kimataifa ziko kama zilivyo. Na niseme mapema, ripoti ya kwanza iliyokosewa niliisaini mimi, kwa hiyo hapa sitoi somo kwa wengine tu.

Mwanzo wa mambo

Kiwanda kidogo kinatengeneza sosi ya chupa. Ndani ya sosi kuna vitu vingi ila viwili ndo vinatuhusu: kihifadhi kinaitwa sodiamu benzoeti, miligramu 800 kwa kila kilo ya sosi, na kiungo cha unga cha rangi ya njano, kinatokana na mizizi iliyokaushwa na kusagwa, kama asilimia 5 ya sosi yote. Mnunuzi mkubwa alichukua chupa moja akaipeleka maabara yake kabla ya kusaini mkataba, alafu akarudi na maswali mawili. La kwanza lilikuwa juu kabisa kwa herufi nzito: hii benzoeti si ndo ile kemikali inayoleta kansa? La pili lilikuwa chini, mstari mmoja tu kwenye jedwali: risasi, miligramu 0.45 kwa kilo.

Mwenye kiwanda, mama mmoja mchapakazi sana, alikuja kwetu, sisi tunaotathmini usalama wa chakula, kwa ajili ya swali la kwanza. La pili alilitaja wakati anainuka kuondoka. "Hiyo risasi maabara yetu walipima wakasema haikuonekana, kwa hiyo nadhani wenzetu wamekosea." Tukaandika kwenye daftari, tukaendelea na benzoeti.

Benzoeti: wiki nzima kwa swali lililokuwa na jibu tayari

Hapa nitaeleza kidogo maana ndo mahali pazuri pa kuona namba za usalama zinavyozaliwa. Kwa kitu kinachowekwa kwenye chakula kwa makusudi, wanasayansi wanatafuta kwenye majaribio ya wanyama ile dozi ya juu kabisa ambayo bado haikuleta madhara. Alafu wanaigawa. Kwa kawaida inagawanywa kwa 100, yaani 10 kwa sababu binadamu si panya, na 10 nyingine kwa sababu binadamu wenyewe hatufanani, kuna mtoto, kuna mjamzito, kuna mgonjwa wa figo. Kinachobaki kinaitwa kiwango cha kula kila siku maisha yako yote, kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Kwa benzoeti kuna utamu wake. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ile inayoitwa JECFA, mwaka 2021 ilikaa ikaiangalia upya. Dozi isiyoleta madhara kwa panya ilikuwa miligramu 1,000 kwa kilo ya mwili kwa siku, ndo iliyokuwa ya juu kabisa kwenye jaribio lenyewe. Sasa ile 10 ya panya kwa binadamu kumbe ina vipande viwili, 4 kwa jinsi mwili unavyokichukua na kukitoa kitu, na 2.5 kwa jinsi mwili unavyoumizwa nacho. Data zilizokuwepo zilitosha kuonyesha kwamba kile kipande cha 4 kinaweza kuwa 2, kwa hiyo badala ya 100 wakagawa kwa 50, ikatoka 20. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Wapo wanaodhani namba za usalama zikibadilika basi zinabanwa tu, hapana, ushahidi ukiwa mzuri zinalegezwa pia.

Hesabu ya mtoto wa kilo 12 anayekula gramu 10 za sosi kwa siku: anapata miligramu 8 za benzoeti, gawa kwa 12, ni kama 0.67, yaani karibu asilimia 3 ya kiwango. Hata ukiongeza vinywaji na vitu vingine vyenye benzoeti bado nafasi ipo. Swali la maana kuhusu benzoeti lilikuwa lingine kabisa, kama kwenye sosi kuna vitamini C, maana hivyo viwili vikikaa pamoja vinaweza kutengeneza benzini kidogo, na benzini ndo kitu cha kansa kweli. Tukaangalia fomula, vitamini C haikuongezwa. Kesi imeisha.

Ila tulitumia wiki nzima hapo. Tukaandika kurasa nyingi, grafu juu. Risasi ikapewa aya moja.

Ile aya moja

Kijana wetu alifanya hesabu hivi: mtu mzima wa kilo 60 anakula gramu 20 za sosi kwa siku, kwa 0.45 anapata maikrogramu 9 za risasi (maikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu), kwa kilo ya mwili ni 0.15 kwa siku, kwa wiki ni 1.05. Akafungua jedwali letu la ofisini, akakuta kiwango cha risasi cha wiki ni maikrogramu 25 kwa kilo. Asilimia 4 na kidogo. Akaandika "mbali sana na kiwango, hamna shida". Hesabu yenyewe haina kosa hata moja, nilirudia mwenyewe kwa karatasi, nikasaini.

Aliyeikamata ni mzee mmoja mkemia aliyestaafu, anakuja mara mojamoja kusoma kazi zetu. Akauliza, "Hii 25 mmeitoa wapi?"

"Kwenye jedwali letu, mzee."

"Jedwali la mwaka gani?"

Kimya.

Hiyo 25 ilikuwepo kweli, JECFA waliiweka mwaka 1986 kwa ajili ya watoto, na baadaye ikaenezwa kwa watu wote. Ila mwaka 2010 waliifuta. Na hawakuishusha wakaweka nyingine, waliiondoa kabisa, kwa sababu walipopiga hesabu waliona mtu anayekula kiasi hichohicho "kinachoruhusiwa", kama ni mtoto anapoteza angalau pointi 3 za akili kwenye vile vipimo vya IQ, na kama ni mtu mzima ile namba ya juu ya presha inapanda kwa kama 3. Wakasema wazi kwamba kiwango kipya kinachoweza kuitwa cha kulinda afya hawawezi kukiweka, kwa sababu kwenye data haukuonekana mpaka ambao chini yake madhara yanaisha.

Hapa ndo tofauti kubwa kati ya kiambato, kinachowekwa kwa makusudi, na kichafuzi, kinachoingia bila kutakiwa, inapoonekana, na ndo kilichotupiga. Kwa benzoeti unauliza "kiwango ni kipi?" na unapata jibu. Kwa risasi swali hilo halina jibu, unauliza "pengo ni kubwa kiasi gani kati ya anachokula mtu na dozi tunayojua inaumiza?" Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2010 walichagua dozi ya kulinganishia, maikrogramu 0.50 kwa kilo ya mwili kwa siku, ambayo inaendana na kupoteza pointi 1 ya IQ kwa mtoto. Unagawa hiyo 0.50 kwa anachokula mtoto. Ukipata 10 au zaidi unaweza kupumua. Ukipata kati ya 1 na 10 hatari inaonekana ndogo ila huruhusiwi kuipuuza. Chini ya 1 ndo balaa.

Tukarudia na mtoto wetu wa kilo 12, gramu 10 za sosi. Maikrogramu 4.5, kwa kilo ni 0.375. Pengo: 1.3. Na hiyo ni sosi peke yake, hujaweka maji, hujaweka nafaka, hujaweka vumbi la nyumbani. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nao wana namba yao ya kurejelea tangu 2022, maikrogramu 2.2 kwa siku kwa mtoto na 8.8 kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kutoka chakula chote. Mtoto wetu ameshaipita mara mbili kwa kijiko cha sosi. Alafu mwili wa mtoto unafyonza risasi kuliko wa mtu mzima, mtu mzima anafyonza kama asilimia 10 ya anayoila, mtoto anaweza kufika 50. Sisi tulikuwa tumemhesabu mtu mzima.

Kwa hiyo chupa ileile, sosi ileile, namba ya maabara ileile: asilimia 4 na "hamna shida", au mara mbili ya namba ya kurejelea.

"Haikuonekana" ilimaanisha nini

Tukaomba karatasi ya maabara ya kiwanda. Imeandikwa haikuonekana, kweli. Ila chini kabisa kwa maandishi madogo: kipimo cha chini ambacho mashine inaweza kukitaja kwa uhakika ni miligramu 1 kwa kilo. Sasa sosi ina 0.45. Mashine hiyo isingeiona hata siku moja, ni kama kupima uzito wa barua kwa mizani ya magunia. Maabara hawakudanganya, waliulizwa wapime risasi wakapima, hamna aliyewaambia tunatafuta namba ndogo kiasi gani.

Tukarudi stoo

Sosi ina 0.45 na kiungo ni asilimia 5, kwa hiyo kama risasi yote inatoka kwenye kiungo, kiungo kina kama miligramu 9 kwa kilo. Kwa kulinganisha, sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2021 inaruhusu 1.5 kwa viungo vya mizizi. Tulipouliza kuhusu sampuli tuliambiwa wanachota kijiko juu ya gunia moja. Tukasema hapana, stoo ilikuwa na magunia 10, kila gunia tukachota sehemu kumi tofauti, juu, kati, chini, pembeni, tukachanganya za gunia hilo peke yake, tukasaga tena, tukapeleka kwenye maabara yenye mashine ya ICP-MS inayoona mpaka namba ndogo sana.

Magunia saba yalikuwa chini ya 0.6. Matatu yalikuwa 14, 22 na 41.

Nakumbuka tulivyokaa kimya. Kwa sababu uchafuzi wa kawaida, wa udongo au moshi wa magari au bomba la zamani, haukai hivi, ungetarajia magunia yapishane kidogokidogo. Hapa una magunia saba safi alafu matatu yanaruka. Mzee akasema pimeni kromiamu. Kwenye yale saba ilikuwa kidogo sana. Kwenye matatu ilikuwa 3.5, 5.4 na 10. Gawa risasi kwa kromiamu: 4, 4.1, 4.1.

Hiyo 4 ndo saini ya mhalifu. Kromati ya risasi, rangi ya njano kali inayotumika kwenye rangi za viwandani, ina chembe moja ya risasi kwa chembe moja ya kromiamu, na risasi ni nzito kwa 207 dhidi ya 52, ukigawa unapata 4 kasoro kidogo. Udongo hauwezi kukupa uwiano huo mara tatu mfululizo, na udongo ungekuja na alumini na chuma nyingi, ambazo hapa hazikupanda. Chini ya darubini tukaona punje za njano zinazong'aa katikati ya unga uliofifia. Yaani kuna mtu alipaka rangi mizizi mibovu, iliyozeeka au kuliwa na wadudu, ili ionekane mipya. Hapo hatuzungumzii tena kichafuzi, ni udanganyifu, na tathmini inabadilika kabisa kwa sababu udanganyifu hauna wastani. Gunia lijalo linaweza kuwa 5 au 500.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa rahisi, magunia matatu yafungiwe na uzalishaji usimame. Mama alikubali papo hapo.

La pili lilikuwa gumu. Alituuliza, na nadhani mtu yeyote mwenye mkopo angeuliza, "Kaka, si tuyachanganye na mazuri? Mkinipigia hesabu, ngapi yatatosha?" Na hesabu inakubali, ukichanganya matatu hayo na magunia safi 80 unapata kama 1.4, chini ya 1.5, kisheria unaonekana mzuri. Tulikataa kwa sababu mbili. Ya sheria: Ulaya, kwa mfano, imekataza wazi kuchanganya chakula kilichozidi kiwango na kilicho safi. Ya sayansi ndo naipenda zaidi: kama madhara hayana mpaka wa chini, kuisambaza risasi ileile kwa watoto wengi zaidi hakupunguzi jumla ya madhara, unachopunguza ni uwezekano wa kukamatwa. Nilimwambia hivyohivyo, hakufurahi, ila alielewa.

La tatu, kurudisha chupa zilizoko madukani. Hapa tulichelewa siku tano. Tulitaka majibu ya kuthibitisha kwanza, maana kurudisha bidhaa kunaweza kuua kiwanda, na kama maabara imekosea analipa nani? Wakati tunasubiri, namba tulizokuwa nazo tayari zilitosha. Gunia lenye risasi 22, nusu gramu ya kiungo kwa siku (asilimia 5 ya zile gramu 10 za sosi): maikrogramu 11 kwa mtoto, kwa kilo 0.92, pengo limeshashuka chini ya 1. Gunia lenye 41: maikrogramu 20.5, zaidi ya mara tisa ya ile 2.2. Hata kama maabara ingekuwa imekosea kwa nusu, uamuzi ungekuwa uleule. Swali la kujiuliza lilikuwa "majibu mapya yanaweza kubadilisha tutakachofanya?" Hayakuweza. Tulisubiri kwa woga tukauita umakini.

Ilivyoisha

Majibu ya kuthibitisha yalikuja karibu sawa na ya kwanza. Magunia matatu yaliharibiwa mbele ya wakaguzi, bechi zilizotokana nayo zikaitwa zirudi, nyingi zilirudi na nyingine hazikurudi. Saplaya alisema alinunua kwa dalali, dalali akasema alinunua kwa mwingine, baada ya hapo risiti zikaisha. Mnunuzi mkubwa aliahirisha mkataba ila hakuufuta, na sababu aliyoitoa ni kwamba kiwanda kilimpa namba mbaya chenyewe kabla hajaziuliza.

Tangazo kwa wateja lilituharibikia. Rasimu tuliyoandika ilisema "hakuna kiwango salama cha risasi", ambayo ni kweli, na wazazi wakaisoma kama "mwanao ameshaathirika". Simu zikawa nyingi, na wapo walioanza kutafuta vidonge na vinywaji vya "kusafisha damu". Ikabidi tuandike upya: acha kutumia, rudisha chupa, kama mtoto alikuwa anaila mara kwa mara mpeleke akapimwe damu, na usimpe dawa yoyote ya kutoa risasi bila daktari, kwa sababu dawa hizo zipo kwa ajili ya watoto wenye risasi nyingi sana kwenye damu na zenyewe zina madhara. Tangazo la pili lilituliza watu, japo lilikuwa na habari mbaya ileile.

Kuna kundi tulilisahau kabisa mpaka mfanyakazi mmoja alipouliza: wale wanaomimina unga na kusafisha mashine. Wao hawali kijiko, wanavuta vumbi siku nzima. Tulipiga hesabu ya mlaji mpaka tukamsahau mtu aliyesimama mbele yetu. Walipelekwa kupimwa, majibu ni yao.

Tukiangalia nyuma

Kilichofanya kazi ni kurudi kwenye chanzo cha namba badala ya kubishana kuhusu namba. Lile swali la mzee, jedwali la mwaka gani, lilikuwa na thamani kuliko mashine zote. Uwiano wa risasi na kromiamu nao ulitusaidia sana na haukuwa na gharama yoyote ya ziada, mashine ilikuwa inapima vyote kwa pamoja, ni sisi tu hatukuwa tumeomba safu ile ya majibu. Kuchota sehemu kumi kwa kila gunia kulituokoa pia, kwa sababu kijiko cha juu cha gunia safi kingetupa 0.5 na tungelala.

Kilichofeli kikubwa, kwa maoni yangu, si lile jedwali la zamani. Jedwali ni kosa la kawaida, unalirekebisha. Tatizo lilikuwa mpangilio wa woga wetu. Benzoeti ina jina la kemikali na iko kwenye lebo, kwa hiyo mnunuzi aliiogopa, mama akaiogopa, na sisi tukafuata mkumbo wakati data zake zimejaa na pengo lake ni kubwa. Risasi haiko kwenye lebo, hamna aliyeiweka kwa hiari yake ya wazi, na karatasi ilisema haikuonekana. Kama siku ya kwanza tungepiga hesabu ya nusu saa tu kwa vyote viwili, mtoto wa kilo 12, chupa hiyohiyo, tungeona kimoja kiko asilimia 3 na kingine kimepita mara mbili, na wiki ile isingepotea.

Kosa lingine ni la kuchagua mlaji. Mtu mzima wa kilo 60 ni kama mazoea kwenye fani hii, ukifungua faili mpya anakuwa yupo tayari. Kwa kitu kinachoumiza ubongo unaokua, kumhesabu yeye kwanza ni kujibu swali ambalo hamna aliyeuliza. Mjamzito naye tulimhesabu mwishoni kabisa: gramu 1 ya kiungo cha lile gunia lenye 22 ni maikrogramu 22, mara mbili na nusu ya ile 8.8.

Siku hizi kila namba kwenye jedwali letu ina mwaka iliowekwa, mwaka ilipoangaliwa mara ya mwisho, na kama bado inaishi. Karatasi ya maabara ikija na "haikuonekana" bila kipimo cha chini inarudishwa ilikotoka. Kuna pengo moja ambalo hatukuweza kuliziba. Saplaya huyo alikuwa analeta mzigo kwa miezi mingi kabla ya chupa ile kupimwa, na kiwanda hakikuwa kinaweka chupa za akiba, hata moja kwa kila bechi. Kwa hiyo tulipoulizwa watoto walikula kiasi gani miezi ile ya nyuma, tuliandika kwenye ripoti kwamba haiwezi kukadiriwa, tukaacha kisanduku wazi.